Vitshumbi: mtoto anayejua kuhesabu samaki anafika kalasi ya kwanza na kuanzishwa upya

Mitumbwi inaporudi asubuhi kutoka Ziwa Edouard, watoto wa Vitshumbi wanakuwa tayari ufukweni pamoja na wakubwa. Wanatoa samaki kwenye nyavu, wanabeba beseni, wanafukuza marabu wanaonyemelea matumbo ya samaki. Na wanahesabu. Moya, mbili, tatu, ine, tano. Mtoto wa miaka 6 anajua vizuri kwamba fungu likikosa tilapia mmoja, mnunuzi atanung'unika na mama atauliza nani aliyelipanga. Mtoto huyo huyo akiingia kalasi ya kwanza, mara nyingi hesabu yake inaachwa mlangoni. Anaanza upya: un, deux, trois.

Katika wakati wa amani, hilo lingebaki jambo la wataalamu wa elimu kujadili Kinshasa. Vitshumbi haiko katika wakati wa amani. Kijiji hiki cha wavuvi, ndani ya teritware ya Rutshuru na ndani ya hifadhi ya Virunga, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Goma, kiliingia mikononi mwa kundi la M23 mwezi wa tatu 2024. Rutshuru-centre ilikuwa imekwisha kuchukuliwa tangu mwezi wa kumi 2022. Goma ikafuata mwisho wa mwezi wa kwanza 2025. Mwezi wa pili 2025, UNICEF ilitangaza kwamba shule na vituo vya masomo zaidi ya 2,500 vilikuwa vimefungwa katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, na kwamba watoto 795,000 walikuwa hawasomi. Mwezi wa kumi na mbili 2024 walikuwa 465,000.

Hesabu hiyo inachanganya wakubwa na wadogo. Mwanafunzi wa kalasi ya tano akipoteza mwaka, anapoteza mwaka mmoja, na anajua tayari kusoma. Anaweza kuokota kaye ya kaka yake na kuendelea polepole. Aliyepaswa kuanza kalasi ya kwanza mwezi wa tisa 2024 hana cha kuokota. Hajui herufi, hajui kuandika namba, na kila mwezi unaopita bila mwalimu unamkuta palepale. Watu wanaohesabu hasara ya vita katika elimu wanataja majengo, madawati na mishahara. Ni mara chache wanamtaja mtoto huyu, labda kwa sababu hasara yake haionekani mpaka afike miaka 10.

Na hata kabla ya vita hii, hali ilikuwa mbaya. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2022 kwamba watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka 10 nchini Kongo hawawezi kusoma na kuelewa andiko fupi na rahisi. Wengi wao walikuwa wanakwenda shule. Kwa hiyo kusema kwamba bunduki zikinyamaza watoto watajua kusoma ni kujidanganya. Kuna kitu kingine kilichoharibika mapema, na kinaanzia kwenye namba kumi za kwanza na maneno ishirini ya kwanza.

Kenda si kosa

Mtoto wa Vitshumbi anasema munane pale kitabu kinaposema nane. Anasema kenda, kitabu kinasema tisa. Akifika thelathini, anasema makumi tatu. Walimu wengi waliofundishwa Kiswahili bora wanamsahihisha hapo hapo, na wazazi wenyewe wanacheka kidogo, kana kwamba Kiswahili cha Kivu ni nguo ya shambani isiyofaa kuvaliwa mbele ya wageni.

Lakini ukiiangalia vizuri hesabu hiyo, utaona ni chombo kizuri, pengine kizuri kuliko kile cha kitabu. Kenda ni neno la Kiswahili la zamani, na kamusi za Kiswahili bado zinalo. Tisa, kama sita na saba, limetoka Kiarabu. Anayezungumza Kinyarwanda nyumbani anasema umunani na icyenda, kwa hiyo munane na kenda vinamkuta akiwa karibu na nyumbani. Hata pwani ya Bahari ya Hindi alama za hesabu hiyo ya kale hazijafutika: siku saba za maharusi bado zinaitwa fungate, na fungate ilikuwa namba saba.

Makumi ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Mtoto wa Dar es Salaam anapaswa kukariri ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, maneno ambayo hayamwambii chochote kuhusu mbili, tatu, ine na tano. Mtoto wa Rutshuru anasema makumi mbili, makumi tatu, makumi ine. Jina lenyewe linamfundisha kwamba thelathini ni kumi mara tatu. Hilo ndilo somo ambalo mwalimu wa kalasi ya pili anahangaika nalo kwa wiki nzima, akifunga vijiti kumi kumi kwa kamba.

Sasa mpeleke kwenye Kifaransa. Kutoka kumi na moya hadi kumi na sita anakutana na onze, douze, treize, quatorze, quinze, seize. Hakuna hata moja linalomwonyesha kumi waziwazi. Wakongo angalau wana bahati ya urithi wa Ubelgiji: 70 ni septante na 90 ni nonante, sio soixante-dix na quatre-vingt-dix kama Ufaransa. Lakini 80 imebaki quatre-vingts, yaani ishirini mara ine, na mtoto wa miaka 6 hawezi kukisia hilo.

Kwamba jina la namba linasaidia au linazuia, si maneno ya wapenda lugha tu. Mwaka 1995, watafiti waliolinganisha watoto wadogo wa China na wa Marekani waliona kwamba mpaka kumi walikuwa karibu sawa. Tofauti ilitokea kuanzia kumi na moja, pale Kichina kinaposema kumi-moja, kumi-mbili, na Kiingereza kinaposema eleven, twelve. Watoto wa Marekani walikwama hapo, wale wa China wakaendelea. Kiswahili, katika jambo hili, kiko upande wa Kichina.

Sheria ya nchi haipingi. Katiba ya 2006 inaitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya mwezi wa pili 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike kufundishia na zifundishwe kama somo. Mradi wa ACCELERE!, uliolipwa na Marekani na Uingereza kuanzia 2015, ulitengeneza vitabu vya kusoma vya kalasi za kwanza kwa Lingala, Tshiluba na Kiswahili. Mradi ulikwisha. Shirika la Marekani la USAID, lililokuwa mlipaji mkubwa, lilivunjwa mwaka 2025. Sheria ya 2014 inabaki, lakini sheria haichapishi vitabu.

Wazazi wanataka Kifaransa, na wana sababu

Haifai kuwadharau wazazi katika hili. Mvuvi anayelipa kaye na sare hataki mtoto arudi nyumbani na Kiswahili anachokijua tayari. Anataka Kifaransa, kwa sababu karatasi za serikali ziko kwa Kifaransa, na mtihani wa taifa wa mwisho wa kalasi ya sita uko kwa Kifaransa. Hata pesa sokoni zinahesabiwa kwa Kifaransa: wauzaji wa Kivu wanasema cinq cents, mille, deux mille, hata kama sentensi nyingine yote ni Kiswahili. Msichana mdogo anayesaidia kuuza anajua mille ni noti gani. Ukimuuliza kuna cinq cents ngapi ndani ya mille, anajibu vizuri, kwa sababu anazo mkononi kila siku.

Jibu hilo ndilo linaloonyesha njia. Msichana huyo hakuelewa kwa sababu ya neno mille. Ameelewa kwa sababu ameshika noti mbili na kupokea moja. Kuelewa kumetangulia, jina la Kifaransa limekaa juu yake. Anayejua kwamba samaki saba na samaki tano ni kumi na mbili atahitaji mwezi mmoja kujua kwamba kumi na mbili ni douze. Aliyekariri mpaka cent kama wimbo bila kushika kitu, anaweza kufika kalasi ya tatu akiimba, na usimwulize cent ni ngapi.

Tofauti kati ya kuimba namba na kuhesabu vitu ni kubwa, na wakubwa wengi hawaioni. Mtoto wa miaka 4 anayesema moya mpaka kumi bila kukosea anawafurahisha wageni. Mwekee mbele mawe sita, mwambie ahesabu. Wengine watagusa jiwe moja mara mbili. Wengine wataruka moja. Wengine watahesabu vizuri mpaka sita, na ukiwauliza "basi yote ni mangapi?", wanaanza kuhesabu tena. Huyo wa mwisho bado hajajua kwamba namba ya mwisho anayotaja ndiyo jibu. Siku atakapojibu "sita" bila kurudia, amevuka mto. Kuvuka huko kunahitaji mawe na mtu mzima mwenye subira ya dakika tano. Umeme na kitabu havihitajiki.

Na mchezo upo. Igisoro, ambayo watu wa pwani wanaiita bao, ina mashimo 32 na mbegu 64, na katika Rutshuru yote wazee wanaicheza chini ya mti. Mtoto anayewaangalia anajifunza kuona tatu na ine kwa jicho bila kuhesabu, kugawa mbegu moja moja, na kukisia zitaishia shimo gani. Walimu wa hesabu wanalipa pesa nyingi kununua vifaa vinavyofundisha jambo hilo hilo.

Jina la kijiji lenyewe

Kwenye kusoma, hali ni tofauti kidogo. Hapa Kiswahili kina faida kubwa zaidi, lakini kuna mtego uliowekwa kwenye jina la kijiji.

Andika Vitshumbi. Herufi tsh ni mwandiko wa Kifaransa wa enzi za Wabelgiji. Kiswahili kingeandika Vichumbi. Ndivyo ilivyo kwa Rutshuru, Tshopo, na hata jina la rais Tshisekedi. Mtoto anayefundishwa cha, che, chi, cho, chu, kisha akatolewa nje akaonyeshwa kibao chenye jina la kijiji chake, hawezi kulisoma. Anadhani kosa ni lake. Mwalimu mwerevu anageuza tatizo hilo kuwa somo: anaandika majina yote mawili ubaoni na kuwaambia hii ndiyo sauti moja yenye nguo mbili. Asiye mwerevu anamwambia mtoto akariri.

Majina ya jirani yanasaidia zaidi. Nyakakoma na Kyavinyonge, vijiji vingine viwili vya uvuvi vilivyoruhusiwa kwenye ziwa hilo, vinasomeka silabi kwa silabi. Ka, ko, ma. Vi, nyo, nge. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa, na mtoto aliyeshika silabi kama mia hivi anaweza kusoma neno lolote, hata lile asilolijua maana. Kifaransa hakimpi nafasi hiyo. Eau ni herufi tatu kwa sauti moja, na haina hata moja ya herufi ambayo mtoto angeitegemea.

Hapa ndipo vifaa vingi vya kuiga kutoka nje vinapokosea. Katika nchi zinazozungumza Kiingereza, watoto wadogo wanapewa orodha ya maneno ya kila siku ya kutambua kwa jicho. Orodha maarufu zaidi, ya Edward Dolch wa Marekani, ya mwaka 1936, ina maneno 220. Ilitengenezwa kwa sababu maneno mengi ya Kiingereza hayasomeki kwa kufuata herufi. Ni lazima mtoto ayajue kwa sura. Baadhi ya mashirika yanachukua wazo hilo na kuchapa kadi za maneno ya Kiswahili: nakula, twende, wamekuja.

Tatizo ni kwamba kitenzi cha Kiswahili hakikai na sura moja. Anakula, tunakula, walikula, hatujakula, amekula. Ni neno moja la kula lenye vichwa vingi, na ukitaka kadi ya kila sura utajaza sanduku. Kadi zinafaa kwa maneno yasiyobadilika sana: mama, baba, maji, samaki, chumvi, sabuni, ndizi, nyumba, na juu ya yote jina la mtoto mwenyewe. Hayo yanatosha kumpa hamu na kumwonyesha kwamba alama hizi zinasema kitu. Baada ya hapo, silabi ndizo zinazofungua mlango. Anayeona ku na la ndani ya kula, ataziona pia ndani ya hatujakula.

Hilo linapunguza gharama pia. Silabi zinaandikwa kwa kaa la makaa kwenye ukuta wa mbao, au kwa kijiti mchangani, na Vitshumbi ina mchanga mwingi.

Kilichoonekana Tanga

Swali la kama watoto wanaweza kujifunza mwanzo wa kusoma na kuhesabu bila mwalimu wa kila siku limejaribiwa, tena kwa Kiswahili. Kati ya 2017 na 2019, mashindano ya Global Learning XPRIZE yalipeleka tableti kwenye vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, Tanzania. Zilikuwa na programu za Kiswahili na zilichajiwa kwa vituo vya jua. Watoto karibu 3,000 walizitumia kwa miezi 15. Kabla ya kuanza, wengi wao hawakuwahi kuingia shule, na zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni, idadi ya wasiosoma kabisa ilikuwa imepungua karibu nusu. Waandalizi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana tuzo ya dola milioni 10 mwezi wa tano 2019, na programu za washindani zikaachwa wazi ili yeyote azichukue.

Mji wa Morogoro nako ulifanyika utafiti wa katuni ya Akili and Me, inayotengenezwa na shirika la Ubongo la Tanzania kwa watoto wa miaka 3 hadi 6. Waliotazama kwa wiki chache walipata maendeleo kwenye kuhesabu na kutambua namba kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine.

Mifano hii miwili inavutia, lakini mtu asikimbilie kuagiza tableti Goma. Tanga kulikuwa na amani, kulikuwa na serikali moja, kulikuwa na watu wa kijiji waliopewa kazi ya kutunza vituo vya jua. Vitshumbi kifaa cha thamani kinavutia mwenye bunduki. Na nusu waliobaki bila kusoma, hata baada ya miezi 15 na tableti mkononi, nao ni watoto. Halafu programu hizo zinasema tisa na thelathini. Mtoto wa Kivu atazielewa baada ya siku mbili tatu, kama kuna mkubwa wa kumwambia tisa ndiyo kenda. Bila mkubwa huyo, atazima kifaa.

Kinachoweza kuvuka ziwa na kizuizi cha barabarani kwa urahisi ni sauti. Wakati wa korona, mwaka 2020, Radio Okapi ilirusha masomo kwa wanafunzi waliofungiwa nyumbani. Simu ndogo yenye redio au kadi ya memori ipo karibu kila nyumba ya mvuvi, na maduka yanayochaji simu kwa jua yapo. Kipindi cha dakika kumi cha kuhesabu kwa Kiswahili cha Kivu, chenye nyimbo na maswali, kinaweza kunakiliwa kutoka simu hadi simu kama watu wanavyonakili nyimbo za kanisa. Gharama yake ni ndogo kuliko gari moja la semina. Ajabu ni kwamba vipindi vya namna hiyo kwa Kiswahili cha huku, kwa watoto wa miaka 4 hadi 7, bado ni nadra.

Nani anafanya kazi hii nyumbani

Mashirika yanapozungumza juu ya wazazi, yanafikiria mama na baba wameketi na mtoto jioni. Vitshumbi baba analala mchana kwa sababu alikuwa ziwani usiku, kama hajakamatwa upande wa Uganda au hajazama. Mama yuko kwenye samaki, kwenye moshi, sokoni. Mwenye muda na mtoto wa miaka 5 ni dada wa miaka 11, ambaye amembeba mgongoni tangu alipozaliwa.

Dada huyo ndiye mwalimu wa kwanza wa kijiji, na hakuna mtu aliyemfundisha chochote. Kama alifika kalasi ya nne kabla shule haijasimama, anajua silabi na anajua hesabu hadi elfu. Anachokosa ni mbinu ndogo chache: kumwacha mdogo aguse kila kitu anapokihesabu, kumuuliza "yote ni mangapi?", kutomcheka anapokosea, kumwandikia jina lake na kumwacha alifuate kwa kidole. Saa mbili za mafunzo kanisani siku ya Jumamosi zingetosha kuanza. Na msichana huyo naye angefaidika, kwa sababu anayefundisha silabi hazisahau.

Kupima maendeleo si kazi ngumu. Uwezo, mpango ulioanza mwaka 2009 Tanzania, Kenya na Uganda, ulipeleka wananchi wa kawaida nyumba kwa nyumba wakiwa na karatasi ya silabi, maneno na kisa kifupi, pamoja na hesabu ndogo. Mtoto anasoma anapofika, hapo anaandikwa. Matokeo yaliwashtua mawaziri, maana watoto wengi wa kalasi za juu hawakumudu karatasi ya kalasi ya pili. Karatasi kama hiyo haihitaji kibali cha upande wowote unaotawala, na mzazi asiyejua kusoma anaweza kuiona kwa macho yake: mwezi jana alisoma mstari mmoja, mwezi huu mitatu.

Pengo la miaka saba na minane

Kuna jambo moja ambalo nyumba haiwezi kulitatua. Nchi ina vituo vya kurudisha shuleni watoto walioachwa nyuma, vinavyobana miaka sita ya shule ya msingi kuwa mitatu. Vinapokea watoto kuanzia miaka 9. Shule ya kawaida inapokea miaka 6. Mtoto wa miaka 7 au 8 ambaye shule yake ilifungwa yuko katikati: kwa kituo ni mdogo, na kwa kalasi ya kwanza anaonekana mkubwa, anaketi na wadogo zake na kuona aibu. Kwa vijana hilo ni jambo dogo. Kwa mtoto wa miaka 8, aibu inatosha kumrudisha ufukweni, ambako angalau anapewa samaki wawili mwishoni mwa kazi.

Masomo ya bure ya shule ya msingi, yaliyoanza kutekelezwa 2019, hayakugusa maternele. Kwa hiyo kijijini mtoto anafika kalasi ya kwanza bila kuwahi kushika kalamu, anakuta wenzake wengi sana chini ya mwalimu mmoja. Benki za Goma zilifungwa tangu vita vilipofika mjini mwanzo wa 2025, na mshahara wa mwalimu umekuwa safari nyingine ndefu. Kumtaka mwalimu huyo agundue peke yake kwamba makumi tatu ni hazina na si kosa, ni kumtaka mengi. Wizara ya elimu inaongozwa na Raïssa Malu, ambaye kabla ya siasa alijulikana kwa kufundisha hesabu na fizikia. Kama kuna waziri anayeweza kulielewa jambo hili bila kuelezwa mara mbili, ni yeye. Lakini barua za wizara hazifiki Vitshumbi kwa sasa, na wanaotawala huko hawajaonyesha kwamba lugha ya kalasi ya kwanza iko kwenye orodha yao.

Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi una Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla. Mtoto wa Vitshumbi aliyetimiza miaka 6 mwaka 2024 angeufanya mwaka 2030, kama angeanza kwa wakati na kama hakuna mwaka mwingine utakaopotea. Kwa sasa anapanga tilapia ufukweni, tano tano, na hakosei.